Banda la Kuku Lisiloingiliwa na Kicheche wala Nguchiro: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji Wanaoanza

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kufuga kuku wa kienyeji au chotara wasiozidi 30 nyuma ya nyumba yake, na ambaye hajawahi kujenga banda. Mifano mingi inatoka pembezoni mwa mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ninakofugia, mahali ambapo mashamba, vijito na nyumba za watu vimebanana kiasi kwamba mnyama wa porini hahitaji safari ndefu kumfikia kuku. Anayefuga Tanga, Mwanza au Machakos atakuta maadui karibu walewale, pengine kwa majina mengine.

Banda langu lina wavu pande zote. Kwa nini kuku bado wanaliwa?

Kwa sababu, kama ilivyo kwa wengi wetu, ulijenga banda la kumzuia kuku asitoke, wakati kinachotakiwa ni banda la kumzuia adui asiingie. Kazi hizi mbili hazifanani hata kidogo. Kuku huridhika akikuta kizuizi chochote mbele yake, hata kikiwa cha fito na nyavu za kuvulia samaki, lakini kanu (mnyama mdogo wa porini mwenye madoa na mkia mrefu) aliyesikia harufu ya kuku atalizunguka banda usiku mzima akijaribu kila kona, atapanda ukuta, atatembea juu ya bati, na tundu moja likimtosha kichwa, mwili wote utapita.

Wavu mwembamba wenye matundu ya pembe sita, ule ambao duka lolote la vifaa vya ujenzi litakuuzia ukisema tu unataka wavu wa kuku, ulitengenezwa kwa kazi ya kwanza. Mbwa huuchana kwa meno, kutu huumaliza kwa misimu michache ya mvua, na kanu huingiza mkono kati ya matundu yake, akamshika kuku aliyelala ubavuni mwa ukuta na kumvuta kipande kwa kipande bila yeye mwenyewe kuingia ndani.

Ni wanyama gani hasa ninaopaswa kuwazuia?

Mitaani watu huita karibu kila mnyama mdogo anayekula kuku kicheche, na jina hilo moja huficha tabia zinazotofautiana sana. Kicheche mwenyewe, yule mwenye milia myeupe mgongoni na harufu kali, hutembea chini usiku na huchimba. Kanu, mwenye madoa na mkia mrefu wa pingili, ni mpandaji hodari anayeingilia juu. Nguchiro wengi hutembea mchana, na hao ndio wanaowashangaza watu kwa kuchukua kuku saa nne asubuhi wakati mwenye nyumba yupo uani anafua. Nyegere ni wachache, lakini akija, mabanzi yaliyopigwa misumari ya inchi mbili hayamsumbui, kwani huyang'oa.

Juu kuna mwewe na kipanga, na kwa vifaranga kuna kunguru, hasa wale wenye shingo ya kijivu ambao walifikishwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wameenea pwani hadi miji ya bara. Ukikaa karibu na mto, kenge atakuja kwa ajili ya mayai. Nyoka na siafu nimewapa majibu yao peke yao hapa chini, na panya utamkuta ndani ya majibu mengi. Mbwa na paka wa jirani wasisahaulike, maana kwa mfugaji wa mjini mara nyingi hao ndio wanaoanza.

Nitamtambuaje aliyekuja, wakati sikumwona?

Tazama kabla ya kufagia. Kuku wengi waliokufa bila kuliwa, wametapakaa wakiwa na majeraha makubwa, mara nyingi ni kazi ya mbwa. Kuku wengi walioumwa shingoni au kichwani, na pengine mmoja tu aliyeliwa, huelekeza kwa kanu, nguchiro au kicheche. Wanyama hawa hawaui kwa chuki kama wengine wanavyosema, bali kuku wanaporukaruka ndani ya chumba wasichoweza kukitoka, silika ya kuwinda huendelea kuamshwa hata baada ya njaa kuisha. Mzoga ulionasa kwenye wavu ukiwa hauna kichwa unaonyesha kwamba adui alibaki nje akavuta.

Mayai yanayotoweka bila hata ganda moja kubaki, mshuku nyoka au kenge. Maganda yaliyopasuliwa karibu na jiwe au nguzo ni dalili ya nguchiro, kwa kuwa wengine huyarusha mayai nyuma kupitia katikati ya miguu ili yapasuke. Manyoya yaliyomwagika uwanjani mchana, na kuku hayupo, tazama angani. Vifaranga wanaopungua mmoja mmoja usiku, tafuta shimo la panya.

Banda lijengwe wapi, na liwe la ukubwa gani?

Lijenge mahali pakavu palipoinuka kidogo, karibu na dirisha la chumba unacholala ili usikie kelele, na mbali na mti ambao tawi lake linafika juu ya paa. Fyeka nyasi na vichaka mita 3 kuzunguka. Urefu wa banda uende kutoka mashariki hadi magharibi, kuta fupi ndizo zitazame huko, ili jua la asubuhi na la jioni lisipige ndani moja kwa moja.

Kuhusu ukubwa, kadiria kuku wakubwa 4 hadi 5 kwa kila mita moja ya mraba kama wanashinda nje. Banda la mita 2 kwa 3 linawatosha kuku 25 kwa raha. Urefu wa kwenda juu uwe wa kukuwezesha kusimama wima ndani, si kwa ajili ya kuku bali kwa ajili yako, maana banda ambalo mtu anaingia kwa kutambaa halikaguliwi.

Sakafu ya udongo haitoshi?

Inatosha mpaka siku ya kwanza atakapokuja mnyama anayechimba. Kama uwezo upo, chimba msingi wa sentimita 40 hivi, panga kozi (yaani safu) mbili za tofali za saruji chini ya ardhi na nne juu yake, kisha mwaga jamvi la zege la unene wa sentimita 5 hadi 7 juu ya kokoto zilizoshindiliwa. Sakafu hiyo inamzuia mchimbaji, inawanyima panya makao, na inasafishika kwa maji wakati wa kubadilisha maranda au pumba za mpunga.

Kama zege halijawezekana bado, kuna njia ambayo naipendekeza zaidi kuliko kuzika wavu wima. Ulaze wavu mgumu juu ya ardhi kuzunguka banda lote kwa upana wa sentimita 60, ukiwa umefungwa chini kabisa ya ukuta, ubane kwa vigingi, kisha ufukie kwa udongo na mawe. Mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta wavu chini ya kucha zake, hafikirii kurudi nyuma sentimita 60 ili aanze upya. Nyasi zikishaota juu yake, wewe mwenyewe utasahau kwamba upo. Wavu huo haufanyi lolote dhidi ya panya wanaozaliana ndani ya sakafu ya udongo, kwa hiyo uwe hatua ya muda.

Je, banda la kuinuliwa juu ya nguzo ni bora zaidi?

Kwa kuku wachache, mathalani 10, ni zuri sana. Banda lililoinuka mita 1 kutoka ardhini hupitisha hewa, hukauka haraka masika, na miguu yake minne inalindika kirahisi kuliko kuta nne. Funga kila nguzo kipande cha bati laini chenye urefu wa sentimita 45, kikizunguka kama bangili pana, na panya hatapata pa kushika kucha. Ngazi ya kupandia kuku iondolewe kila jioni. Nimeona mabanda mazuri ya aina hii ambayo ngazi imegongomewa misumari, yaani mwenye nyumba amemjengea adui kibaraza. Sakafu ya fito zilizoachana pia ina hatari yake, kwa kuwa kidole au mguu wa kuku unaoning'inia chini unaweza kuumwa na aliye chini, basi weka wavu wa nusu inchi chini ya fito hizo.

Ninunue wavu gani, na niufungeje?

Nunua wavu mgumu uliochomelewa, wenye matundu ya mraba ya nusu inchi, yaani milimita 13. Panya mkubwa hapiti hapo, na mkono wa kanu haupiti. Ukimuuliza muuzaji geji, kumbuka kwamba namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi. Geji 19 ni nzuri, na chini ya hapo ni bora zaidi. Bei yake ni kubwa, sitaficha. Fedha ikipungua, tumia nusu inchi kuanzia ukuta wa tofali hadi usawa wa kifua, na inchi 1 iliyochomelewa sehemu ya juu, ukijua kwamba panya bado anaweza kupita huko.

Ufungaji ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Msumari uliokunjwa juu ya waya hulegea, na mbwa akiusukuma wavu kwa mabega unachomoka. Tumia misumari ya U kila baada ya sentimita 10, kisha juu yake gongomea ubao mwembamba unaoubana wavu dhidi ya fremu kutoka mwanzo hadi mwisho. Wavu ufungwe upande wa nje wa nguzo, ili anayesukuma aubane zaidi badala ya kuung'oa. Vipande viwili vinapokutana, vipishane sentimita 10 na vishonwe kwa waya wa kufungia.

Ndani, fito za kulalia zikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye wavu, kila kuku akipewa sentimita 20 za fito, ili hata siku wavu utakapopata kasoro, asiwepo kuku wa kuvutwa.

Paa la bati lina tatizo gani?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipopata hasara yangu. Banda langu la kwanza lilikuwa na tofali, wavu mpya na kufuli. Asubuhi moja nilikuta mitetea 7 wamelala sakafuni, wote wameumwa shingo, na jogoo amejibanza nyuma ya ndoo ya maji. Nilizunguka nikitafuta shimo chini, nikatikisa wavu kila upande, sikuona kitu. Fundi ndiye aliyeinua macho. Bati la migongo likilazwa juu ya ubao ulionyooka huacha upenyo chini ya kila wimbi, na upande mmoja ubao ulikuwa umepinda kwa jua, upenyo ukawa mpana kiasi cha vidole vitatu. Kwenye vumbi la ubao ule kulikuwa na alama za nyayo ndogo za mviringo zikielekea ndani.

Tangu hapo, mbao za paa huzinunua zikiwa zimekauka, papi (mbao za kupigilia bati) za inchi 2 kwa 2 huwekwa karibu karibu ili bati lisiinuliwe kwa pua, na mapengo yote chini ya mawimbi huzibwa kwa udongo wa saruji pale bati linapokaa juu ya ukuta, au kwa vipande vya wavu wa nusu inchi pale linapokaa juu ya mbao. Usizibe kila kitu kwa saruji. Hewa yenye joto na harufu kali ya kinyesi hupanda, na isipopata pa kutokea kuku watakohoa. Upenyo wa hewa ubaki juu ya vichwa vyao, lakini uwe na wavu.

Mlango na komeo viweje?

Mlango ufungukie nje, ukae ndani ya fremu yenye kizingiti cha tofali au ubao mgumu, na pengo dogo kuliko unene wa penseli pande zote. Ujaribu kwa penseli: ikipita chini ya mlango, rekebisha. Komeo liwe la kusukuma, moja juu na jingine chini, kwa sababu mlango wenye komeo moja katikati hujikunja kwenye kona ukisukumwa. Kamba, kipande cha waya na tofali la kuegemeza si makomeo. Tundu dogo la kuku la kupitia asubuhi linahitaji mlango wake wa kuteremka, na uteremke hadi ndani ya mfereji wa mbao ili usiinuliwe kwa pua.

Kufuli ni kwa ajili ya binadamu. Wezi wa kuku hupenda usiku wa mvua, bati linapopigiwa kelele, na dhidi yao sijaona kitu kinachoshinda kufuli nzuri, taa ya sola na jirani mnayesalimiana.

Vifaranga nao?

Waweke mbali na banda kubwa kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kwenye sanduku au kizimba chenye wavu wa robo inchi pande zote, chini na juu. Panya mmoja anaweza kuchukua vifaranga kadhaa kwa usiku mmoja akiwaburuta shimoni. Mchana wakitolewa na mama yao, wawekwe chini ya tenga au kizimba kilichofunikwa. Mtetea hodari hupigana na mwewe mmoja, lakini kunguru huja wawili, mmoja akimchokoza mama na mwingine akichukua.

Siafu wanazuiwaje?

Siafu ni jambo la pekee, kwa sababu banda imara ndilo linalowasaidia. Kuku aliye huru hukimbia, kuku aliyefungiwa hana pa kwenda. Masika moja niliamshwa na kelele ambazo hazikuwa za kuku anayekamatwa, zilikuwa za kuku wote kwa pamoja, fupi fupi na bila kukoma. Nilipomulika tochi, ukuta wa chini ulikuwa mweusi na unatembea. Jambo la kufanya wakati huo ni moja: fungua mlango upana, watoe kuku, mengine yote yafuate. Kwa sababu hiyo ufunguo wa banda hukaa mahali pamoja, na kila mtu nyumbani, hata mtoto, anapajua.

Banda la nguzo hulindwa kwa kusimamisha kila mguu ndani ya kopo lenye oili chafu, lililofunikwa kwa juu ili mvua isiijaze wala kuku wasiinywe. Kwa banda la chini, watu wengi humwaga ukanda mpana wa majivu makavu kuzunguka, nao husaidia mpaka mvua inyeshe, ambapo ndipo siafu wanapotembea zaidi. Msaada mkubwa ni kufyeka mapema na kutoacha mabaki ya chakula.

Nimekuta nyoka kwenye kiota. Nifanye nini?

Usiingize mkono kwenye kiota kabla ya kumulika, wakati wowote, hata kama umefuga miaka 20. Swila hutema sumu akilenga macho. Ikikupata, osha macho kwa maji mengi mfululizo na uende hospitali, bila kusugua na bila kuweka dawa ya mtaani. Nyoka huvutwa na mayai, vifaranga na zaidi ya yote panya, kwa hiyo ukiondoa panya umeondoa sababu kubwa. Okota mayai mara mbili kwa siku na hifadhi chakula kwenye pipa lenye mfuniko.

Si rahisi zaidi kuweka sumu au mtego?

Sumu hapana. Nyama yenye sumu italiwa na mbwa wako, na panya aliyekula sumu ataliwa na bundi ambaye angekuondolea panya wengine bure. Aidha, nchini Tanzania wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwawinda kunahitaji kibali. Ikiwa ni fisi, chui au chatu anayerudi rudi, toa taarifa kwa serikali ya kijiji au mtaa ili afisa wanyamapori aitwe. Halafu kuna jambo la kivitendo: ukimuua kanu mmoja na tundu likabaki, mwingine atalichukua eneo lake.

Mnyama wa porini anayekuja mchana akipepesuka au akiwa hana woga asiguswe, kwa kuwa anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo.

Mbwa au kanga wanaweza kulinda badala ya banda?

Kanga hupiga kelele wakiona kitu kigeni, na mbwa aliyekulia na kuku ni mlinzi mzuri. Wote wawili ni kengele, na kengele haizibi tundu.

Vifaa vinavyohitajika ni kiasi gani?

Kwa banda la mita 2 kwa 3 lenye ukuta wa tofali hadi sentimita 90 na wavu juu yake, andaa tofali za saruji zipatazo 130 pamoja na zile za msingi, mifuko 4 hadi 5 ya saruji ya kilo 50, mchanga na kokoto, bati 5 za mita 3 kwa paa la mteremko mmoja, na mita 10 za wavu wa upana wa futi 3, ukiongeza kama kuta zako za juu zinazidi upana huo. Ongeza mbao za inchi 2 kwa 4 kwa nguzo na fremu, papi, misumari ya U, bawaba tatu na makomeo mawili. Usisahau viota: kimoja cha sentimita 30 kwa 30 kwa kila mitetea 4 au 5. Bei muulize fundi wa eneo lako, na uwepo mwenyewe siku ya kupima saruji.

Baada ya kumaliza, nitajuaje kwamba halina tundu?

Ingia ndani mchana jua likiwa kali, funga mlango, na ukae kimya dakika chache mpaka macho yazoee. Kila mwanga unaoingia pasipo na wavu ni njia. Kisha rudi usiku, mtu mwingine amulike tochi kutoka nje akizunguka polepole huku wewe ukitazama kutoka ndani, hasa kwenye kona za paa. Rudia baada ya kila mvua kubwa, maana mbao hucheza na udongo hushuka. Jioni wahesabu kuku wakiwa wameshapanda kwenye fito, kabla giza halijaingia sawasawa. Kuku haoni vizuri gizani, na aliyebaki nje hatarudi mwenyewe, atalala pale pale giza lilipomkutia.